Mkonge hula usiku: bei ya maji katika kila jani

Mahindi, mkonge, muhogo na mbuyu vyote vinaishi kwa mwanga, maji na hewa. Kinachovitenganisha ni namna kila kimoja kinavyolipia hewa hiyo, na malipo ni maji.

Barabara ya kutoka Segera kwenda Tanga inapita katikati ya mashamba ya mkonge. Jua likiwa utosini, majani yake magumu yamesimama vile vile, hayalegei wala hayanyauki, wakati mahindi ya jirani yamekwisha jikunja. Aliyesoma sayansi shuleni ataona jambo hilo ni wazi: mwanga upo, rangi ya kijani ipo, basi jani linavuta hewa ya ukaa, linatoa oksijeni na kutengeneza chakula. Kwa mkonge, sehemu ya maelezo hayo haisimami. Saa hizo za jua kali vitundu vya jani lake vimefungwa. Hewa ya ukaa inayogeuzwa kuwa sukari saa sita mchana iliingia jani likiwa gizani, saa sita usiku.

Tabia hiyo si kituko cha mmea mmoja wa kigeni. Ni mojawapo ya majibu ya swali linaloikabili mimea yote ya nchi kavu, kuanzia mchicha wa bustanini hadi mbuyu wa Dodoma: mmea utapataje hewa bila kufa kwa kiu? Mkulima wa kwetu hukutana na swali hilo kila msimu, ingawa yeye hulitamka kwa namna nyingine. Huuliza kama mvua itatosha.

Gunia limetoka wapi?

Chukua gunia la mahindi la kilo 100, punje zimekauka vizuri. Ukiwauliza watu uzito ule umetoka wapi, wengi watakuonyesha ardhi. Ndivyo walivyoamini hata wasomi wa zamani, mpaka Jan Baptist van Helmont, tabibu aliyeishi karibu na Brussels, alipoamua kupima. Aliweka kiasi cha kilo 90 za udongo mkavu ndani ya chungu, akapanda mche wa mti mmoja wa kingo za mito uliokuwa na uzito wa kilo mbili na ushei, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na kilo 77 hivi. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua gramu zipatazo 60. Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Van Helmont alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Aliisahau hewa.

Turudi kwenye gunia letu. Kilo 13 hivi ni unyevu uliobaki ndani ya punje. Karibu kilo 38 ni kaboni, na kaboni hiyo yote ilitoka hewani. Sehemu kubwa ya uzito uliosalia ni oksijeni na haidrojeni, vilivyotokana na hewa ya ukaa na maji. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine yaliyotoka ardhini hayazidi kilo tatu.

Kilo hizo tatu hazidharauliki. Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini huanza kuwa ya njano kuanzia nchani, na njano hiyo hushuka ikifuata mshipa wa katikati hadi ikafanya umbo la V. Mabwana shamba huitambua dalili hiyo kwa kuitazama mara moja. Bila naitrojeni mmea hauwezi kutengeneza klorofili ya kutosha wala vimeng'enya vya kunasa kaboni. Kwa hiyo mbolea haiulishi mmea chakula chenyewe. Huupa vifaa vya kukipikia, na chakula hutoka hewani.

Lakini hewa ya ukaa ni haba mno. Katika kila molekuli milioni moja za hewa, zake ni 420 na kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa haina hata gramu moja ya hewa ya ukaa, na kaboni iliyomo ni kama gramu 0.2. Ukipiga hesabu, kaboni ya gunia moja la mahindi ni sawa na yote iliyomo katika mita za ujazo 190,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza vyumba 7,000 vyenye urefu, upana na kimo cha mita tatu. Na hapo hatujahesabu mabua, majani, magunzi wala mizizi. Mmea usiotembea wala kupumua kwa mapafu unapaswa kuchuja hewa yote hiyo kwa miezi minne hivi, kupitia matundu ambayo jicho tupu haliyaoni.

Ukifungua, unalipa

Jani limefunikwa kwa tabaka jembamba la nta lisilopitisha maji wala hewa kwa urahisi. Katika tabaka hilo kuna vitundu ambavyo wanabiolojia huviita stomata. Milimita moja ya mraba, eneo la kichwa cha pini, inaweza kuwa na makumi au mamia ya vitundu hivyo. Miti mingi huviweka upande wa chini wa jani, palipo na kivuli. Mahindi yanavyo pande zote mbili.

Kila kitundu kinalindwa na seli mbili. Asubuhi mwanga unapozifikia, seli hizo huvuta potasiamu kutoka kwa majirani, maji yakafuata potasiamu, seli zikavimba na kupindana kuelekea nje, nafasi ikafunguka katikati. Udongo unapokauka mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Seli zikiipata hutoa potasiamu, maji yakatoka, zikalegea na kufunga. Kazi yote hiyo huchukua dakika chache, nayo hufanyika mara nyingi kwa siku moja kadiri wingu linavyopita na upepo unavyobadilika.

Tatizo ni kwamba ndani ya jani kuna unyevu uliojaa na nje kuna ukavu. Kitundu kikifunguka ili hewa ya ukaa iingie, mvuke wa maji hutoka, tena kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa tofauti ya unyevu kati ya ndani na nje ni kubwa kuliko tofauti ya hewa ya ukaa. Kwa mimea kama maharage na mpunga, molekuli moja ya hewa ya ukaa hugharimu molekuli za maji mia nne au zaidi. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hupita tu kwenye mmea na kutoka kama mvuke. Yanayobaki kujenga mwili wake ni kidogo sana.

Anayetaka kuyaona malipo hayo kwa macho achukue mfuko wa plastiki angavu usiotoboka, auvishe kwenye tawi lenye majani mabichi asubuhi ya jua, aukaze shingoni kwa uzi. Kabla ya adhuhuri mfuko utakuwa na ukungu ndani, na baadaye matone yatakuwa yamekusanyika kwenye pembe ya chini. Mti mkubwa hutoa maji ya namna hiyo kwa makumi au hata mamia ya lita kwa siku. Ndiyo maana chini ya mwembe pana ubaridi kuliko chini ya kibanda cha bati, ingawa vyote viwili vinazuia jua: maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo.

Shambani, mkulima husoma hesabu hii kwenye majani ya mahindi. Jua likiwa kali na udongo umeanza kukauka, jani hujikunja kwa urefu wake, eneo linalopigwa na jua likapungua na unyevu kidogo ukanaswa ndani ya mkunjo. Likikunjuka jioni, hakuna la kuogopa. Likikutwa bado limejikunja alfajiri, ujue mizizi haikupata kitu usiku kucha. Kwa siku hizo mmea umejiokoa na kiu kwa kukubali njaa, kwa kuwa kitundu kilichofungwa hakiingizi hewa ya ukaa. Mavuno hupungua hata kama mmea hautakufa.

Kimeng'enya kizito na chenye makosa

Hewa ikishaingia, nini hufuata? Jibu lilipatikana kipande kwa kipande. Mwaka 1771 Joseph Priestley wa Uingereza aliona kwamba tawi la mnanaa lililofungiwa ndani ya chupa huirudishia uwezo hewa iliyokwisha kuzimisha mshumaa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi, akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani peke yake, tena penye mwanga tu. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen wa Marekani, wakitumia oksijeni yenye atomi nzito zinazoweza kufuatiliwa, wakathibitisha kwamba oksijeni inayotoka kwenye mmea hutokana na maji, wala haitokani na hewa ya ukaa.

Kwa hiyo kazi ina hatua mbili. Katika ya kwanza, klorofili hunasa mwanga, hasa mwekundu na wa buluu, na kuacha sehemu ya mwanga wa kijani irudi machoni petu. Nguvu ya mwanga huo huvunja maji. Oksijeni hutolewa nje, na elektroni zilizobaki huchaji kemikali mbili zinazobeba nishati ndani ya seli. Katika hatua ya pili, nishati hiyo hutumika kuunganisha kaboni ya hewani na kupata sukari. Mlolongo wa hatua hii ya pili ulifuatiliwa huko Berkeley, California, na Melvin Calvin pamoja na Andrew Benson na James Bassham, waliolisha mwani kaboni yenye mnururisho kisha wakatafuta ilikojificha. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Anayenasa kaboni katika hatua ya pili ni kimeng'enya kiitwacho rubisko. Karibu kila tonge tunalokula, liwe ugali, samaki au nyama ya mbuzi, limepitia kwake. Hata hivyo ni mtendakazi wa kusikitisha. Vimeng'enya vingi hufanya kazi mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, lakini rubisko hufanya mara chache tu, na ndiyo maana mmea hulazimika kutengeneza rubisko kwa wingi na kuimezesha naitrojeni nyingi.

Ubaya wake wa pili ni mkubwa zaidi. Rubisko haitofautishi vizuri hewa ya ukaa na oksijeni. Mara nyingine hukamata oksijeni kimakosa, na mmea hulazimika kutumia nishati kurekebisha kosa hilo na hata kuipoteza kaboni iliyokwisha naswa. Joto likipanda makosa huongezeka. Katika mazingira ya joto letu, hasara hiyo inaweza kufikia robo ya kazi nzima au kupita. Kimeng'enya hiki kilianza zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, oksijeni ikiwa karibu haipo hewani, kwa hiyo wakati huo hakikuwa na cha kukichanganya. Oksijeni iliyokuja kukisumbua ilitolewa na viumbe wale wale waliokuwa wakikitumia.

Sasa unganisha matatizo mawili. Jua likiwaka, mmea hufunga vitundu ili kuokoa maji. Hewa ya ukaa ndani ya jani huisha na oksijeni hujaa. Hapo rubisko hukosea kuliko wakati mwingine wowote. Maharage, mpunga, ngano, viazi, kahawa, migomba na miti karibu yote huishi na hasara hiyo.

Njia ya mahindi na mtama

Katika miaka ya 1960 watafiti wa miwa huko Hawaii, wakiongozwa na Hugo Kortschak, waliona jambo lisilolingana na mlolongo wa Calvin: kaboni haikuanza kuonekana pale ilipotarajiwa. Mwaka 1966 Hal Hatch na Roger Slack, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya sukari mjini Brisbane, Australia, walieleza sababu. Muwa una hatua ya ziada. Kaboni hunaswa kwanza na kimeng'enya kingine, ambacho hakidanganyiki na oksijeni, kisha husukumwa hadi kwenye seli za ndani ambako rubisko imejificha. Huko ndani hewa ya ukaa hurundikana kiasi kwamba rubisko haipati nafasi ya kukosea.

Mpangilio huo unaonekana kwenye jani lenyewe. Linyanyue jani la mahindi dhidi ya jua: mishipa imepangwa sambamba, imebanana kiasi kwamba kati ya mmoja na mwingine pana upenyo mdogo sana. Lifanye hivyo jani la maharage, utaona mishipa iliyotawanyika na nafasi pana katikati. Kwenye darubini, kila mshipa wa jani la mahindi umezungukwa na pete ya seli kubwa za kijani. Hapo ndipo rubisko ilipofungiwa.

Faida yake ni maji. Kwa kuwa kimeng'enya cha kwanza hunasa hewa ya ukaa hata ikiwa kidogo, mmea hauna haja ya kufungua vitundu sana. Bei ya molekuli moja hushuka hadi karibu nusu ya ile inayolipwa na maharage. Mahindi, mtama, ulezi, uwele na muwa hutumia njia hii, na pia mchicha, mafunjo ya kingo za Ziwa Victoria na nyasi nyingi za Serengeti. Spishi zenye njia hii ni kama asilimia tatu tu ya mimea yote yenye maua, lakini hufanya karibu robo ya kazi yote ya kunasa kaboni katika nchi kavu.

Njia hiyo huacha alama hata katika mifupa. Mimea hii hunasa aina nzito ya kaboni kwa kiwango tofauti na mimea mingine, na anayeila hubaki na tofauti hiyo katika meno yake. Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, huko Olduvai mwaka 1959, magego yake makubwa yaliwafanya watu wadhani alikuwa akivunja kokwa ngumu. Meno ya spishi hiyo yalipopimwa baadaye, ya Tanzania na ya Kenya, kaboni yake ilieleza mengine: chakula chake kikubwa kilitokana na nyasi au mafunjo.

Kama njia hii ni nzuri hivyo, mbona mimea yote haikuifuata? Kwa sababu kusukuma kaboni kunagharimu nishati, na nishati hiyo hulipa penye joto na mwanga mwingi tu. Kwenye baridi ya Njombe au Kinangop rubisko hukosea kidogo, na viazi hustawi bila pampu yoyote.

Isitoshe, mahindi na mtama vina mtambo mmoja lakini havina ustahimilivu mmoja. Mtama una nta nzito kwenye jani na mizizi inayokwenda chini, na ukame ukiingia unaweza kusimamisha ukuaji, ukasubiri, ukaendelea mvua ikirudi. Mahindi hayana subira hiyo wakati wa kuchanua. Mbelewele na nywele za gunzi lazima vikutane kwa siku chache, na kiu huchelewesha nywele. Zikichelewa, chavua imekwisha, na gunzi litatoka na punje za kuhesabu. Ndiyo maana wiki mbili za jua katikati ya msimu zinaweza kumaliza shamba la mahindi huko Kongwa huku mtama wa jirani ukivunwa.

Njia ya mkonge

Mkonge ulitatua tatizo kwa kubadili saa. Usiku hewa ina ubaridi na unyevu, kwa hiyo kitundu kikifunguliwa maji machache tu hutoroka. Hewa ya ukaa huingia, lakini hakuna mwanga wa kuigeuza sukari. Mmea huinasa na kuiweka akiba kama asidi ya maliki, ile ile inayoyapa matofaa uchachu wake, ndani ya vifuko vikubwa vya seli. Alfajiri vitundu hufungwa. Mchana kutwa mmea huivunja asidi hiyo, ukapata hewa yake ya ukaa ndani kwa ndani na kuitengenezea sukari kwa mwanga wa jua. Bei ya maji hushuka hadi sehemu ndogo ya ile ya maharage.

Dalili za kwanza za njia hii zilijulikana zamani. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva aliandika kwamba mpungate huvuta hewa ya ukaa gizani. Mwaka 1815 zilichapishwa habari za Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, aliyekuwa akitafuna majani manene ya mmea mmoja wa bustani unaozaa vichipukizi kwenye kingo za jani. Asubuhi na mapema majani yalikuwa makali kwa uchachu. Kufikia mchana hayakuwa na ladha. Aligundua kwa ulimi jambo ambalo wanakemia walichukua zaidi ya miaka mia kulieleza.

Nanasi, vanila, mshubiri na shina la mnyaa hufuata njia hiyo. Mkonge wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Mexico, na aliyeuleta ni Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mmea ulionusurika safari hiyo ulikuwa umekwisha onyesha tabia yake. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kabla ya nyuzi za plastiki na misukosuko ya miaka iliyofuata kuiangusha biashara hiyo.

Lakini hakuna njia isiyo na gharama. Kiasi cha asidi kinachoweza kuhifadhiwa usiku mmoja kina mwisho, na kikiisha mchana, kazi imesimama. Kwa hiyo mkonge hukua polepole. Hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa jani la kwanza, huishi miaka kama kumi, halafu hutumia akiba yake yote kusimamisha mlingoti mmoja wa maua wa mita kadhaa, kisha hufa. Jani linalopelekwa korona, mtambo wa kutenganisha nyuzi, hutoa singa kama asilimia nne tu ya uzito wake. Lililobaki ni maji na nyama ya jani, hazina ya kuvukia kiangazi.

Hapa pia pana jibu kwa wanaoogopa kulala na maua chumbani. Ni kweli kwamba mmea, kama sisi, hupumua usiku na mchana, ukitumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Lakini kinachotumiwa na mmea wa chunguni usiku ni kidogo sana ukilinganisha na anachotumia mtu aliyelala kitandani. Anayelala na mtoto wake chumba kimoja haogopi kuishiwa hewa. Mshubiri dirishani utaogopwa kwa nini, na usiku ndipo unapoivuta hewa ya ukaa?

Njia ya kungoja

Ipo mimea isiyo na mtambo wa ziada wala ratiba ya usiku, ila inajua kungoja. Mbuyu hupukutisha majani na kukaa uchi kwa miezi mingi ya mwaka. Ukikwangua gome lake kwa ukucha, chini ya ngozi ya kijivu utakuta tabaka la kijani. Klorofili hiyo hutumia mwanga unaopenya gome na kuurejeshea mti sehemu ya kaboni unayoitoa kwa kupumua, bila kufungua jani hata moja.

Muhogo nao hufunga vitundu vyake mapema, mara hewa inapokuwa kavu, hata kabla udongo haujakauka. Ukame ukizidi hupunguza majani na kubaki na machache ya juu. Mvua ikirudi huchipua kwa wanga uliowekwa akiba. Hauna saa moja ya kuchanua inayoweza kuharibika, kwa kuwa tunachokula ni mizizi. Bibi zetu waliopanda ukingo wa muhogo kuzunguka shamba la mahindi hawakuwa na darubini, lakini walikuwa wamekwisha gawanya hatari kati ya mmea unaokwenda mbio na mmea unaosubiri.

Hewa inapoongezeka

Mwaka 1958, Charles David Keeling alipoanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa karibu 280. Leo imepita 420. Wapo wanaosema hiyo ni heri kwa kilimo, kwani chakula cha mimea kimeongezeka.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hewa ya ukaa ikiwa nyingi, mmea hufungua vitundu kidogo na kuokoa maji, na rubisko hukosea mara chache. Wanaofaidi zaidi ni maharage, mpunga na muhogo. Mahindi na mtama, ambavyo tayari vina pampu, hufaidi hasa kwa kuokoa maji wakati wa ukame. Lakini vitundu vilivyojifunga pia hutoa mvuke mdogo, na jani hupata joto zaidi. Tena, ubora wa chakula hushuka. Majaribio ya mashambani yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ngano iliyokuzwa katika hewa ya ukaa inayotarajiwa katikati ya karne hii ilikuwa na upungufu wa zinki wa karibu asilimia 9 na wa madini ya chuma wa asilimia 5. Kwa familia ambayo sahani yake ni nafaka na maharage siku zote, upungufu huo una uzito. Na hewa hiyo hiyo huja pamoja na joto na mvua zisizotabirika, kwa hiyo maji yanayookolewa kwa mkono mmoja huchukuliwa kwa mwingine.

Watafiti wa nchi kadhaa wamekuwa wakijaribu kuupa mpunga pampu ya mahindi. Kazi ni ngumu, kwa kuwa haihusu kuongeza jeni moja tu: muundo mzima wa jani lazima ubadilike, mishipa isogeleane na pete za seli zijengwe. Mkulima wa Mbarali au Mwea hawezi kuipangia msimu ujao.

Anachoweza kufanya sasa ni kutumia njia ambazo mimea imekwisha zitengeneza. Matandazo ya majani makavu juu ya udongo huzuia maji yasipotee moja kwa moja hewani, ili yapite kwenye mmea na kununua kaboni. Palizi ya mapema huondoa magugu yanayonunua kaboni kwa maji yale yale. Kupanda mvua za kwanza huyapa mahindi nafasi ya kuchanua udongo ukiwa bado na akiba. Na pale ambapo mvua hukatika mara kwa mara, mtama, uwele na muhogo ni uamuzi wa hesabu, ingawa wengi wetu tumezoea kuviona vyakula vya shida.

Mbegu dukani husifiwa kwa swali moja: inatoa magunia mangapi kwa ekari? Swali hilo linafaa penye mifereji na mvua za uhakika. Kwa Kongwa, Kitui na Kishapu, anayeuza mbegu na anayeinunua wangeulizana kwanza magunia mangapi kwa maji yaliyopo.